Mji Ambao Kengele Yake Ilikatwa Ulimi

Meli za watalii zisafirizo baina ya Moscow na St Petersburg hutia nanga Uglich kwa saa chache tu. Abiria hushuka, hupenya katikati ya vibanda vya wachuuzi, huingia katika kanisa jekundu lenye kuba za buluu zilizopambwa kwa nyota, huonyeshwa kengele moja kuukuu, kisha honi ya meli huwaita warudi. Mji wenyewe ni mdogo. Wakazi wake ni kiasi cha 30,000, nao uko yapata kilomita 200 kaskazini mwa Moscow, katika mkoa wa Yaroslavl, mahali ambapo Mto Volga hupinda. Aghalabu jina lake huhusishwa na neno la Kirusi lenye maana ya kona. Katika ramani ya nchi kubwa kama Urusi, Uglich ni kitone ambacho mwanafunzi anaweza kukifunika kwa ncha ya kalamu.

Kengele ile nayo si ya kumshangaza mtu kwa ukubwa. Uzani wake ni kama kilo 320, ilhali makanisa mengi ya Urusi yana kengele za tani kadhaa. Lakini sijui kama kuna kengele nyingine duniani iliyopitia masaibu kama yake. Baada ya mambo yaliyotukia mjini hapo mwaka 1591, iliangushwa kutoka mnarani, ikachapwa viboko 12 mbele ya watu, ikakatwa sikio, yaani kitanzi chake kimojawapo cha kutundikia, ikang'olewa ulimi, kisha ikapelekwa uhamishoni Siberia. Hivyo ndivyo masimulizi ya Urusi yanavyoeleza. Kosa lake lilikuwa kulia.

Msomaji ana haki ya kucheka. Shaba haina akili, haina nia, wala haihisi kiboko. Lakini kicheko kitamkauka tukiuliza kengele hiyo ililia kwa sababu gani, na ni nani aliyechukizwa na sauti yake.

Ivan wa Nne, mfalme ambaye vitabu vingi humwita Ivan wa Kutisha, alifariki mwaka 1584. Kiti chake kilirithiwa na mwanawe Fyodor, mtu mpole na dhaifu ambaye moyo wake ulikuwa kanisani kuliko katika mambo ya utawala. Hatamu za dola zilishikwa na shemeji yake, Boris Godunov. Alikuwako pia mwana mwingine wa Ivan, mtoto mchanga aliyeitwa Dmitry. Mamake, Maria Nagaya, aliolewa na Ivan baada ya wake wengi kutangulia, na kwa kuwa Kanisa la Kirusi halikuruhusu mtu kuoa zaidi ya mara tatu, walikuwapo waliosema kwamba mtoto huyo hakustahili kuhesabiwa miongoni mwa warithi. Mama na mwana wakapelekwa Uglich pamoja na wajomba wa mtoto. Walipewa jumba la kifalme ukingoni mwa mto, wakapewa watumishi, na wakapewa mtu wa kuwaangalia: karani wa serikali aliyeitwa Mikhail Bityagovsky, aliyeshika mfuko wa fedha. Yeyote aliyewahi kuishi kwa posho inayopimwa na mtu asiyempenda anaweza kukisia jinsi maisha ya jumba hilo yalivyokuwa.

Jumamosi tarehe 15 Mei 1591, kwa kalenda ya zamani, yapata wakati wa chakula cha mchana, Dmitry alikuwa uani akicheza na wenzake wanne mchezo wa kurusha kisu ili kisimame ardhini. Alikuwa na umri wa miaka minane. Punde si punde zikasikika kelele. Mama alipotoka mbio alimkuta mwanawe na jeraha kooni. Alichukua gogo la kuni akaanza kumpiga nalo yaya wa mtoto, huku akipaaza sauti kwamba Dmitry ameuawa na kuwataja waliomuua: mwana wa yaya huyo, pamoja na mwana wa Bityagovsky na jamaa yake.

Hapo ndipo kengele ilipolia. Miongoni mwa walioipiga alikuwamo kasisi mmoja mjane ambaye watu walimbandika jina la utani la Tango. Bityagovsky alikimbilia mnarani ili azime ile sauti, akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Watu wa mji walidhani jumba linaungua. Walifurika uani na mashoka na marungu, na walipoambiwa kwamba mwana wa mfalme amechinjwa, hawakungoja ushahidi. Bityagovsky aliuawa, mwanawe akauawa, na wengine zaidi ya kumi wakauawa papo hapo.

Siku nne baadaye tume ya uchunguzi ikawasili kutoka Moscow. (Sisi wa huku tuna uzoefu wetu wenyewe wa tume za uchunguzi, lakini leo tubaki Uglich.) Mwenyekiti wake alikuwa mwanamwinyi Vasily Shuisky. Aliandamana na askofu mkuu Gelasy na maafisa wengine wawili. Uteuzi huo ni wa kuzingatiwa, kwa maana ukoo wa Shuisky ulikuwa umeteswa na Godunov. Kama Godunov alitaka uongo uandikwe, kwa nini alimtuma adui yake? Na kama alitaka ukweli, je, adui aliyekwisha kutishwa anaweza kuandika ukweli?

Tume ilihoji watu zaidi ya mia moja kwa muda wa siku chache, na jambo la ajabu ni kwamba jalada la ushahidi wao lipo hadi leo, ingawa kurasa zake za mwanzo zimepotea. Mtafiti anaweza kulisoma. Wale watoto wanne waliokuwa wakicheza na Dmitry walisema kwamba alishikwa na kifafa huku kisu kiko mkononi, akaanguka, akajidunga. Wengine walikumbuka kwamba maradhi hayo yalikuwa yamemshika hapo awali, hata akamjeruhi mamake kwa chuma na kumuuma msichana mikono. Mjomba mmoja, Mikhail, alishikilia kwamba mtoto aliuawa. Mjomba wa pili, Grigory, alisema ni ajali.

Kisha likazuka jambo lililomwumbua Mikhail. Karani mmoja wa mji alikiri kwamba, kabla tume haijafika, Mikhail aliamuru visu na silaha nyingine vipakwe damu ya kuku na kuwekwa juu ya maiti za akina Bityagovsky, ili ionekane kwamba wao ndio waliokuja wakiwa tayari kuua. Huu ndio ukurasa ambao kila mwanafunzi wa historia angefaa kuukumbuka. Mikhail alighushi ushahidi, hilo halina shaka. Je, aliyeghushi ushahidi lazima awe mwongo katika dai lake pia? La. Kuna watu ambao huamini jambo kwa dhati, na kwa kuwa hawana namna ya kulithibitisha, hutengeneza ithibati. Damu ya kuku haituambii lolote kuhusu damu ya Dmitry. Inatuambia tu habari za Mikhail.

Tukiyasoma maelezo ya mashahidi kwa makini, tutaona pia kwamba wengi wanalisimulia tukio kwa maneno yaleyale, wakiwamo watu ambao hawakuliona. Huenda walikubaliana. Huenda pia aliyeshika kalamu alikuwa na maneno yake tayari, na kila mnyonge asiyejua kusoma alipofungua kinywa, sentensi ileile ikaandikwa. Na mama mzazi, ambaye alikuwa wa kwanza kutaja majina ya wauaji, hakuhojiwa rasmi kamwe. Kilichonakiliwa ni kwamba alimwita askofu Gelasy, akamwomba awatetee ndugu zake, na kukiri kuwa kuuawa kwa akina Bityagovsky kulikuwa dhambi.

Tarehe 2 Juni jalada lilisomwa mbele ya viongozi wa kanisa mjini Moscow. Uamuzi ukawa kwamba mtoto amekufa kwa amri ya Mungu, na kwamba wenye hatia ni wale walioua maafisa wa serikali. Maria alinyolewa na kufanywa mtawa kwa nguvu, akapewa jina la Martha. Ndugu zake walitiwa korokoroni. Wakazi wengi wa Uglich waliuawa au kukatwa ndimi, na familia kadhaa zikahamishiwa Pelym, ng'ambo ya milima ya Ural. Hivyo basi, ulimi wa kengele haukuwa wa pekee kukatwa. Mamlaka iliiadhibu shaba kama ilivyowaadhibu wanadamu, na watu wa Uglich walifahamu vyema kilichokuwa kikisemwa.

Laiti kisa kingekoma hapo, kingekuwa simulizi la huzuni la mji mmoja tu. Lakini Fyodor alikufa mwaka 1598 bila mrithi, Godunov akatawazwa, na kati ya 1601 na 1603 njaa kuu ikaikumba nchi. Watu wenye njaa hutafuta sababu ya njaa yao, na wengi waliiona katika damu ya mtoto wa Uglich. Mwaka 1604 kijana mmoja aliingia kutoka Poland na jeshi, akidai kwamba yeye ndiye Dmitry, kwamba hakufa, kwamba aliokolewa. Godunov alifariki ghafla mwaka 1605 na kijana huyo akaingia Moscow akishangiliwa.

Sasa tumtazame Vasily Shuisky. Mwaka 1591 alisema Dmitry alikufa kwa ajali. Mwaka 1605, upepo ulipogeuka, alisimama mbele ya umati akasema Dmitry aliokoka na huyu ndiye. Mwaka 1606 aliongoza njama iliyomuua huyo mfalme mpya, akakalia kiti yeye mwenyewe, na kutangaza kwamba Dmitry wa kweli aliuawa Uglich kwa amri ya Boris Godunov. Mwili wa mtoto ulifukuliwa, ukapelekwa Moscow na kuzikwa upya katika kanisa la wafalme ndani ya Kremlin, na Dmitry akafanywa mtakatifu. Mtu mmoja, maiti moja, kauli tatu. Na kila kauli ilimfaa msemaji siku aliyoitoa. Maria, maskini, naye alitolewa katika utawa wake mwaka 1605 akamkumbatia yule kijana mbele ya watu na kumwita mwanangu, alipouawa, akamkana. Sitathubutu kumhukumu mama huyo. Lakini Shuisky hakuwa amekatwa ulimi.

Kwa muda mrefu kauli ya tatu ndiyo iliyotawala. Kanisa lilikuwa limekwisha kumtukuza Dmitry kuwa mtakatifu aliyeuawa, na kuitilia shaka habari hiyo kulikuwa karibu na kukufuru. Mwanahistoria Karamzin aliifuata. Pushkin, ambaye babu wa mamake aliletwa Urusi kutoka Afrika akiwa mtoto, aliisoma historia ya Karamzin na kuandika tamthilia yake Boris Godunov, aliyoimaliza mwaka 1825 akiwa mwenyewe amefukuzwa mjini na kuamriwa kukaa shamba la wazazi wake. Mussorgsky naye aliifanya opera, ikachezwa jukwaani mwaka 1874. Kwa hiyo, walimwengu wengi wanaomjua Godunov wanamjua kama muuaji aliyeandamwa na kivuli cha mtoto. Katika karne ya 20 wasomi kama vile George Vernadsky na Ruslan Skrynnikov walirudi kwenye jalada, wakalipima upya, na kuona kwamba habari ya ajali ina nguvu kuliko ilivyodhaniwa. Mimi nimeelekea upande wao, hasa kwa sababu ya wale watoto wanne. Lakini ni kuelekea tu, wala sitaapa.

Kengele ilikaa Tobolsk miaka mia tatu. Iliandikwa maneno ubavuni kueleza kwamba ililetwa uhamishoni mwaka 1593, na baadaye ikatumiwa kupigia saa kanisani. Watu wa Uglich hawakuisahau. Waliomba irejeshwe, na mwaka 1892 ilirudi ikapokewa kwa shangwe. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kwamba hii ndiyo kengele ileile. Huenda ile ya asili iliyeyuka katika moto mmojawapo wa Tobolsk, na hii ikasubuliwa kuchukua nafasi yake. Iwapo ni hivyo, basi Uglich imepata pia kengele mdai, kama vile Urusi ilivyopata Dmitry mdai. Mwaka uo huo wa 1892 jumba la zamani la wana wa mfalme, lenye matofali mekundu ya karne ya 15, lilifunguliwa kuwa makumbusho. Leo kengele iko ndani ya lile kanisa jekundu la Mtakatifu Dmitry wa Damu, lililojengwa mwaka 1692 mahali inaposemekana mtoto aliangukia.

Uglich si mji wa kisa kimoja. Una kanisa la Kupalizwa lenye minara mitatu iliyochongoka, la mwaka 1628, ambalo watu wa huko kwa kulistaajabia huliita la Ajabu. Una chuo cha utafiti wa siagi na jibini kilichofanya jina la mji lijulikane mezani kwa watu wa Urusi. Ulikuwa pia na kiwanda kikubwa cha saa za mkono za aina ya Chaika, ambacho kilidorora baada ya dola ya Kisovieti kuvunjika mwaka 1991.

Lakini kuna jambo jingine ambalo mtalii huliona kabla hajaona kanisa lolote, na pengine hulipita bila kuuliza: ukuta wa zege unaoukingama mto. Bwawa la umeme la Uglich lilianza kujengwa mwaka 1935, na mtambo wake wa kwanza ukatoa umeme mwezi Desemba 1940. Majira ya baridi ya mwaka 1941, majeshi ya Ujerumani yalipokaribia Moscow, umeme huo ulisaidia mji mkuu kutozimika. Si jambo dogo, na asiyelitaja anaidhulumu historia. Walioujenga ukuta huo, hata hivyo, kwa sehemu kubwa walikuwa wafungwa wa kambi ya Volgolag, na wengi wao hawakutoka humo hai. Maji yaliyopanda nyuma ya ukuta yaliifunika monasteri kongwe ya Pokrovsky karibu na Uglich, na juu zaidi yakameza sehemu kubwa ya mji wa Kalyazin, ambako mpaka leo mnara wa kengele wa mwaka 1800, wenye urefu wa zaidi ya mita 70, umesimama peke yake katikati ya maji kama mlingoti wa jahazi lililozama. Chini ya mto, bwawa la Rybinsk lililoanza kujazwa mwaka 1941 liliufuta kabisa mji wa Mologa. Watu wapatao 130,000 walihamishwa katika bonde hilo.

Safari hii hakuna kengele iliyolia. Zisingeweza kulia, kwa kuwa miaka michache kabla yake serikali ilikuwa imezishusha kengele za makanisa kote nchini na kuziyeyusha kwa ajili ya shaba yake. Wala hapakuwa na Tango wa kujifungia mnarani. Kwa kifo cha mtoto mmoja mwaka 1591 tunalo jalada lenye maneno ya mashahidi zaidi ya mia moja, hata kama yameandikwa na mkono wa mwenye nguvu. Kwa wafungwa wa Volgolag, watu wa bonde hilo waliishi miongo mingi bila kuthubutu kuyataja mambo yao hadharani.

Mwalimu anayefundisha historia au fasihi anaweza kulitumia jambo hili darasani bila gharama yoyote. Awagawe wanafunzi katika makundi. Kundi moja liwe watoto wanne waliokuwa wakicheza, jingine Mikhail na damu yake ya kuku, la tatu karani aliyekiri, la nne kasisi Tango akieleza kwa nini alivuta kamba ya kengele, la tano Shuisky katika miaka yake mitatu. Kila kundi liulizwe maswali mawili tu: Uliona nini kwa macho yako? Na ungepoteza nini kama ungesema kinyume cha ulivyosema? Kisha wabaki wachache wa kumwakilisha Maria. Hao hawatakuwa na ukurasa wowote wa kusoma. Waachwe wakae na karatasi nyeupe mbele yao mpaka kipindi kiishe, na waamue wenyewe kama wataiandika.